Nilipangwa Kama Ubao Mbichi

Kama unasoma haya umelala kifudifudi na kuna mtu amekuwekea kitu kizito mgongoni, mwambie akiondoe kwanza, halafu uendelee. Nitakusubiri. Kusubiri nimejifunza kwenye mabenchi ya kila aina: ya mbao, ya chuma, na lile la saruji nje ya chumba cha picha, ambalo asubuhi za Njombe linakunyonya joto lote mpaka unajuta kuumbwa na makalio.

Naitwa Editha. Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, kati ya Makambako na Njombe, mahali ambapo magari husimama kwa ajili ya mbao na viazi. Mume wangu Obadia alikuwa mpanga mbao. Wasioijua kazi hiyo hudhani ni kubeba na kurundika tu. Ubao wa paina ukitoka kwenye msumeno una maji mengi, na ukiuacha hovyo juani unajipinda, hauna tena faida kwa seremala. Kwa hiyo mbao zinapangwa safu kwa safu, kila safu inatenganishwa na fito ili upepo upite, na juu kabisa yanawekwa magogo na mawe, zikauke zikiwa zimeshikwa na uzito. Obadia alikuwa fundi hasa wa hilo. Naeleza mapema kwa sababu usipolijua utamwona mume wangu katili, na yeye si katili. Wakatili nawajua, na humu utakutana nao.

Mimi nilikuwa mbeba mbao. Nilizitoa shambani kwenye msumeno hadi barabarani, kichwani, nikiwa na ngata ya khanga, kwenye njia za utelezi ambazo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Nilikuwa na nguvu na nilijivunia. Wanawake wenzangu walikuwa wakinitania kwamba Obadia hakuoa mke, ameoa trekta.

Maumivu yalianza msimu wa ulanzi, mvua zikiwa zimekolea na kila nyumba ina chombo cha pombe ya mianzi mlangoni. Yalikaa katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki. Sikuwa na haraka nayo. Kule kwetu mwanamke asiyeumwa mgongo anaonekana hajafanya kazi. Lakini haya yalikuwa maumivu ya ajabu, kwa sababu nikilala ndipo yanachachamaa, na asubuhi shuka limelowa jasho kana kwamba nimekesha nalima. Nikaanza kukonda. Sketi ya kanisani nikaifunga kwa pini, baadaye kwa pini mbili.

Mama mkwe wangu tunakaa naye ua mmoja. Alinitazama nikinyanyuka kwenye kigoda kwa kujishika ukuta, akasema, "Editha, mgongo unamuuma kila mtu. Mimi nimezaa saba na kulima kwa mgongo huuhuu, na sijawahi kumwambia mtu."

"Pole, mama," nikamjibu.

"Sijakwambia unipe pole. Nimekwambia viazi bado havijapaliliwa."

Nikaenda kupalilia. Zahanati nilipita vilevile, nikapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nipumzike, maneno ambayo ukimwambia mbeba mbao ni sawa na kumwambia kuku aote meno. Nilimeza vidonge, nikabeba mbao, na msimu wa ulanzi ukaisha mimi nikiwa natembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji anayeogopa isimwagike.

Dereva mmoja wa lori la mbao ndiye aliyetuelekeza Makambako. Alikuwa na shingo iliyokakamaa hata kugeuka kuangalia kioo cha pembeni ilikuwa shida, na mtu mmoja kule, jirani na gesti za madereva, aliigeuza mara moja tu, ikatoa mlio, akapona. Dereva huyo sikusikia kwa watu kwamba amepona, nilimwona mwenyewe akigeuza shingo huku na huku. Sitamsingizia mtu kwamba mikono yake haijawahi kumsaidia yeyote.

Watu walimwita Mnyooshaji. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, mpole wa sauti, na chumbani kwake kulikuwa na kitanda kirefu cha ngozi na mifupa ya mgongo ya plastiki imening'inizwa kwenye msumari. Tulisubiri barazani na madereva, kila mmoja amekaa upande anaoweza kukaa. Zamu yetu ilipofika alitusalimia kwa lugha ya nyumbani, "Kamwene," ingawa kwa lafudhi yake hakuwa mtu wa kwetu. Akanikalisha, akanipitishia kidole kwenye uti wa mgongo, akafika pale, nikaruka.

"Hapa," akasema, kama mtu aliyepata ufunguo wake. Akaishusha ile mifupa ya plastiki na kutuonyesha. "Kila pingili ina mshipa wake wa fahamu, na kila mshipa una mwenyeji wake. Hii inapeleka habari kichwani, hii moyoni, hii tumboni. Pingili ikisogea hata kidogo, mshipa unabanwa, na yule mwenyeji hapati habari. Wewe unatoka jasho?"

"Sana."

"Chakula hutamani?"

"Sitamani."

"Unakonda?"

Nikamwonyesha pini.

"Unaona sasa. Tumbo halipati habari. Tukirudisha pingili, vyote vinarudi."

Nataka unielewe hapa, wewe unayeumwa. Nilikuwa na mateso ya kila namna, na hakuna aliyekuwa ameyaunganisha. Zahanati waliona mgongo. Mama mkwe aliona uvivu. Huyu aliyakusanya yote akayafunga kwenye mfupa mmoja ambao nauona kwa macho, na akasema unarudishwa. Nilitamani kumbusu mikono. Mtu anayeteseka hatafuti ukweli kwanza, anatafuta maelezo yanayoisha kwa neno kupona.

Alinilaza kifudifudi, akanishika, akasukuma. Ulitoka mlio. Nikaona giza, kisha nikasikia wepesi kama nimetua mzigo, na jioni ile nilishuka kwenye gari nikiwa wima. Mama mkwe alinitazama nikiingia uani akasema, "Kumbe ulikuwa unaweza."

Wepesi ule haukudumu. Tulirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na kila mara nilikwenda nikiwa mbaya zaidi na kurudi nikiwa na matumaini zaidi. Nikimwambia maumivu yameongezeka, anasema mfupa unapigana kwa sababu umezoea ubaya. Siku nilipomwambia miguu inatambaliwa na sisimizi toka nyayoni hadi magotini, uso wake ulichangamka kabisa. "Mishipa inaamka," akasema. Nami nikarudi nyumbani nikafurahia sisimizi wangu. Nilimwambia binti yangu Eda, aliyekuwa darasa la saba, aje aguse miguu ya mama inayoamka.

Obadia alikuwa ananisindikiza kila safari, anasimama pembeni na kofia mkononi, anatazama kazi kwa jicho la fundi. Mara ya mwisho aliuliza swali ambalo mwenyewe niliona ni la akili.

"Ukishaurudisha, mtaalamu, nini kinaushika usirudi ulikotoka?"

Mnyooshaji alilipenda. "Hapo umenena. Inabidi alale kifudifudi juu ya kitu kigumu, asubuhi na jioni. Samaki mkunje angali mbichi."

"Bila uzito?"

Akacheka, akamgonga begani. "Wewe ndiye fundi. Utajua mwenyewe."

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Hakusema weka uzito. Hakusema usiweke. Alicheka tu, na mume wangu akarudi Njombe akiwa na uhakika, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu niugue mtu alikuwa ameongea lugha anayoijua. Ubao umepinda ungali na maji. Ubao unapangwa, unawekewa uzito, unakauka umenyooka. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote na hakuna ubao uliowahi kumwaibisha.

Alichagua ubao mpana usio na fundo hata moja. Akaupiga randa mpaka ukateleza, akautandika blanketi, akauweka sebuleni karibu na dirisha ili nipate mwanga. Nikalala. Akaleta nusu gunia la mahindi, akalilaza mgongoni mwangu taratibu, akalisogeza huku na huku mpaka likakaa sawasawa pale penye mfupa.

"Likikuumiza sema."

Liliniumiza mpaka meno yakagongana. Nikasema, "Ongeza."

Mfa maji haishi kutapatapa. Nilikuwa nataka kutembea, hilo tu. Nilikuwa nimeanza kujikwaa kwenye sakafu tupu, ndala zinanivuka mguuni bila kujua, na nikiwaza kwamba nitakuwa mtu wa kubebwa kwenda chooni, uzito wa gunia unakuwa mdogo. Akaongeza. Siku zilizofuata aliongeza tena, kwa kiasi, kama anavyoongeza mawe juu ya safu. Alikuwa ananikalia pembeni kwenye kigoda, ananisimulia habari za mbao nani kanunua, ananifuta machozi kwa kitambaa chake. Nasema nisikike: hajawahi kunipenda kama miezi ile aliponikandamiza.

Habari zilienea. Akina mama wa kanisani walikuja kuniombea, wakasimama wamezunguka ubao, wakaimba pambio mimi nikiwa chini ya gunia. Mmoja wao, mcheshi anayejulikana, alimuuliza Obadia mlangoni, "Huyu anakauka lini tumchukue?" Wakacheka wote, na wengine walikuwa bado wameshika vitabu vya nyimbo. Nilicheka nao. Ukiwa chini ya gunia huchagui wa kucheka naye. Mmoja aliziba pua kwa khanga, na hapo ndipo nilipojua kwamba mkojo ulikuwa unanitoka na mimi sisikii.

Baridi ikaja. Mtu asiyeijua Juni na Julai ya kwetu aulize watu wa Makete, kule Iwawa wanakolala na nguo zote walizo nazo. Kwetu asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Eda aliniwekea jiko la mkaa miguuni kabla ya kwenda shule, baba yake akaweka gunia akatoka kwenda kuangalia mbao za mtu. Nikalala kifudifudi, natazama kona ya sebule, nasubiri saa zangu ziishe.

Mama mkwe aliingia akitafuta chumvi. Akasimama.

"Nani anachoma ngozi?"

"Sijui, mama. Labda ya ng'ombe, kwa jirani."

Nilisikia jiko likiburutwa, kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamke yule, sauti nyembamba kama ya mtoto. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeteleza ukagusa jiko, na unyayo ulikuwa umeungua hadi nyama nyeupe. Mimi nilikuwa nawaza chumvi iko wapi.

Alilivuta gunia mwenyewe, mwanamke mzee, likaanguka na mahindi yakamwagika sebule nzima. Akanifinya paja. "Unasikia?" Sikusikia. Akafinya tena, kwa kucha, kwa hasira ya miaka yote aliyonichukia. "Editha, unasikia?" Nikamwambia sisikii, mama. Obadia aliporudi alimkuta mama yake amekaa katikati ya mahindi. Mama akamwambia maneno machache tu: "Toa huo ubao. Tafuta gari."

Tulikwenda Njombe nyuma ya kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, nimelazwa juu ya magodoro. Sina hadithi nzuri ya hospitali, na sitaitaja jina kwa sababu mwisho wa yote ndiyo iliyonirudisha. Tulisubiri kwenye lile benchi la saruji. Watu walipita wakinitazama usoni, kisha miguuni, kisha wakaangalia pembeni. Muuguzi mmoja alinigeuza kama gunia lenyewe, akaona vidonda vilivyoanza makalioni, akasema kwa sauti ya kusikika korido nzima, "Hawa wanasubiri waoze ndipo walete." Na harufu ilikuwa upande wake.

Picha ilitoka. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliishika dirishani na kutuonyesha pingili mbili zilizolika kama muhindi ulioingiwa na panya, zimekunjana moja juu ya nyingine. Vipimo vingine vikafuata. Baadaye akatuita akasema ni kifua kikuu.

"Lakini sikohoi," nikasema.

"Hakikai kifuani peke yake. Chako kimekaa mgongoni. Kimekula mfupa, na mfupa uliolika umebomoka ukabana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni."

Obadia akauliza, taratibu, "Mfupa uliolika ukiwekewa uzito unakuwaje?"

Daktari alivua miwani. "Nani aliweka uzito?"

Obadia aliangalia kofia yake. Nilisema, "Tulikuwa tunanyoosha." Daktari akatutazama mmoja mmoja, akaelewa, na kwa huruma au kwa uchovu hakuuliza tena. Alituambia dawa ni za bure na ni za mwaka mzima, nitavalishwa mkanda mgumu wa mgongo, na kuhusu miguu hawezi kuahidi. Inaweza kurudi. Inaweza isirudi. Tangu pale mume wangu alinyamaza. Simaanishi hakuongea, aliongea habari za chumvi na ada na mvua. Habari ya gunia hakuigusa kabisa, na nilipoigusa mimi alitoka nje.

Nilikaa wodini mpaka vidonda vikafunga, nikiwa na mpira wa mkojo na ganzi toka kitovuni kwenda chini, nimekatwa kati kama samaki wa sokoni. Mvua za kwanza zilinikuta bado nimelala. Nikarudishwa nyumbani nikiwa na vidonge na mkanda, na siku ya kwanza mama mkwe alipomwaga beseni akaona mkojo mwekundu, alipiga magoti uani akidhani natoka damu ya mwisho. Ni rangi ya dawa. Wewe utakayeanza dawa hizo uwaambie watu wako mapema, usiwaue wazee kwa mshtuko.

Mama mkwe ndiye aliyeniogesha mwaka ule wote. Usidhani alibadilika. Alininyanyua, akanisugua, akanipaka mafuta, na wakati wote alikuwa ananisema: mzito, mvivu, umemzeesha mwanangu. Hakuwahi kukosa siku hata moja, si kuniogesha wala kunisema. Nilimchukia na nilimsubiri. Watu waliokuja na maneno matamu walikaa muda wa kunywa chai wakaondoka na matamu yao.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilitikisika wakati wa kupanda mahindi. Eda ndiye aliyekiona. Aliita, "Mama, tena," nami nikakaza macho mpaka yakauma, kikatikisika tena, naye akalia ameniegemea tumboni. Obadia alisikia akiwa nje. Hakuingia. Alikwenda nyuma ya nyumba, na kesho yake tukaona amechimbia fito mbili ndefu sambamba uani, usawa wa kiuno, amezipiga randa zisinichome mikono. Ndipo nilipojifunzia kusimama, nikiwa nashika hizo fito na miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Alikuwa anasimama mbele yangu amefungua mikono, hanigusi. Kazi ya kupanga mbao aliiacha. Siku hizi anapakia magari, na mtu akimwita kwenye safu anasema mgongo unamuuma.

Dawa zilikwisha baridi ilipokuwa imerudi na kupita. Mkanda ukavuliwa. Natembea. Natembea polepole, mguu wa kulia unaburura kidogo, lakini choo naenda mwenyewe na kanisani naenda mwenyewe. Mgongo ndio haukunyooka. Daktari alisema mfupa umeshaungana hivyo ulivyo, na hivyo ndivyo nitakavyozikwa. Kuna nundu kati ya mabega. Gauni langu lolote mbele linaburura na nyuma linapanda, fundi cherehani alinipima akicheka akidhani simwoni kwenye kioo. Mtoto mgongoni sitabeba tena. Watoto wa barabarani wananiita kibyongo, na wazazi wao wanawakemea kwa midomo huku macho yanacheka.

Hayo yote nayaweza. Kitu kilichonishinda ni kingine. Watu wa huku waliniona nikipelekwa Makambako nimejikunja. Hawakuniona wodini. Kisha wakaniona natembea. Wakajumlisha wenyewe. Wakaanza kushuka kwenye magari mbele ya nyumba yetu kuniuliza Mnyooshaji anapatikana sehemu gani. Nasikia na yeye kule anawaambia wateja wake habari za mama wa kando ya barabara ya Njombe, aliyeletwa hajiwezi na sasa anatembea. Sidhani anadanganya. Nadhani anaamini.

Ndiyo sababu naandika. Kama mgongo unakuuma zaidi ukilala, kama unatoka jasho na kukonda, nenda wanakopima kifua kikuu hata kama hujakohoa hata mara moja. Mkono wa mtu usikusukume mgongo kabla hujapigwa picha, awe mpole kiasi gani. Na miguu ikitambaliwa na sisimizi, usifurahi.

Wa mwisho kushuka kwetu walikuwa mama na binti yake, wametoka Iwawa. Walikuwa wamepita Njombe mjini bila kusimama. Binti ni wa sekondari, amevaa masweta mawili na bado jasho linamtoka puani. Alikaa kwenye kigoda ameshika magoti kwa mikono yote miwili ili mgongo usitikisike, na mimi nilipouona ule mkao sikuhitaji kuambiwa kitu. Nikawapa chai. Nikawaeleza kila kitu nilichokueleza wewe. Mama yule alisikiliza kwa adabu huku akitazama miguu yangu. Nikafungua blauzi, nikamgeuzia mgongo, nikamwambia aguse. Akagusa kwa ncha ya kidole.

"Pole sana, dada," akasema. "Lakini si unatembea?"

Obadia alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Akasema bila kuinua kichwa, "Anatembea kwa sababu niliacha."

"Uliacha nini, baba?"

"Kumkandamiza. Nilikuwa namwekea gunia la mahindi. Ni mimi, kwa mikono yangu." Akamaliza kufunga kamba, akatoka.

Sikuwahi kumsikia akilisema. Nilikaa na blauzi wazi, nimeshindwa hata kufunga vifungo. Mama yule alimaliza chai, akashukuru, akasema watafikiria. Wakatoka. Nikawatazama dirishani. Barabara yetu ina pande mbili, upande huu magari ya Njombe, upande ule ya Makambako. Alimshika binti mkono wakavuka, wakasimama upande wa Makambako.

Nilitoka bila viatu. Gari lilikuwa limeshasimama, konda ameshika mlango, mama ameshaweka mguu kwenye ngazi na anamvuta binti. Nikamshika binti mkono mwingine.

"Niachie mtoto," mama akasema.

"Simwachii."

"Nimekwambia niachie mtoto, wewe kibyongo." Alilisema mbele ya watu, na ndani ya gari mtu akacheka.

Nilimgeukia binti. "Miguu ikoje? Kuna vitu vinatambaa?"

Alimtazama mama yake kwanza. "Kama sisimizi," akasema. "Tangu juzi. Na kiatu hiki kikinivuka mguuni sijui."

Mama yake alishusha mguu. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa nauli itakuwa imepotea."

Konda alisema kama hatupandi tuondoke mlangoni. Sikuuachia ule mkono mpaka mama alipouachia wa kwake. Konda akapiga ubavu wa gari, likaondoka kwenda Makambako bila wao. Tukavuka barabara watatu, mimi nikiwa mbele, kwa mwendo wangu.